Hisa za Masista na Robine ya Musonoi

Liège, tarehe 5 Februari 2023

Kwako Yaya Mbelu,

Moyo, yaya: salamu ya kwetu kwa dada yangu mkubwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimempa Abbé Sadrack, padri wetu, anayekuja Kolwezi kupumzika. Najua simu ipo, lakini ulishaniambia kwamba simu ni ya kuulizana kama kuna aliyekufa. Neno la maana linaandikwa.

Huku sisi ni wazima. Mke wangu Stéphanie yuko hospitalini na wagonjwa wake, na baridi imemfundisha kuvaa soksi mbili. Watoto wanakua. Wakinisikia nasali kwa Tshiluba wanacheka chini ya blanketi. Binti yako Fifi ameshajifungua kule Lubudi? Nisalimie mkwe wetu Ngoy.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi. Mimi ni katibu wa shirika la hisani la masista wazee. Zamani tajiri mmoja asiye na mtoto aliwaachia masista hao hisa zake katika makampuni. Kampuni ikipata faida, masista wanapata fungu lao, na fungu hilo linajenga zahanati na kusomesha mayatima. Mojawapo ya makampuni hayo, yaya, linachimba shaba hapo hapo kwenu: Mulimba Cuivre.

Kila mwaka kampuni linawatumia wenye hisa kitabu kizuri chenye picha. Juzi nakifungua, nafika kwenye ukurasa wa mambo ya wanakijiji, na nani ananitazama? Wewe! Umejifunga kitenge kipya cha kijani, umesimama mbele ya kanisa kando ya robine, bomba jipya la maji, umeshika kopo, unacheka mpaka magego yanaonekana. Chini wameandika: "Mama wa Musonoi afurahia maji safi aliyoletewa na Mulimba Cuivre." Nilipiga ukelele. Sista Godelieve, mkuu wetu, ana miaka themanini na minne na anatembea na fimbo. Alikuja mbio akidhani nyumba inaungua. Nilipomwonyesha, aliwaita masista wote, wakakupigia makofi.

Sasa Sista anataka kuliandikia kampuni barua ya shukrani. Hebu niandikie maneno machache juu ya maji hayo tuyatie ndani. Nimefurahi sana, yaya. Nilikuwa na wasiwasi juu yako, na mara ngapi nimekuomba uhamie Lubudi kwa Fifi. Kumbe unaishi kama malkia.

Mdogo wako,
Mpoyi


Musonoi, tarehe 2 Aprili 2023, siku ya Matawi

Mudogo yangu Mpoyi,

Moyo na we, na mama Stéphanie, na batoto yenye banacheka sala. Ubaambie nitakuya kubasalisha mi mwenyewe. Abbé Sadrack alifika muzuri, lakini barua yako alisahau mu valizi. Leo njo ameikumbuka, kisha misa.

Fifi alizala mutoto mwanamuke. Bamemupatia jina yangu, kwa hiyo ni mutoto ya akili. Ngoy analima mahindi. Mi niko, bado nauzisha beignets, ile mandazi yangu, pembeni ya barabara. Goti inauma kidogo, ni goti tu.

We unaandika Kiswahili ya katekisimo, sawa vile uko unatusomea Injili. Seminari uliiacha, ye haikukuacha. Hakuna neno, nilisikia yote.

Ile foto, mudogo yangu! Nilifurahi mpaka beignets iliungua. Ile kitenge ni bo balitupatia, asubuhi ya ile siku. Lakini uangalie muzuri, uniandikie: Mama Mujinga eko mu ile foto? Unamukumbuka, présidente ya ba mama ya kanisa, rafiki yangu tangu tulikuwa babibi-arusi. Alisimama pembeni yangu. Bwana yake, Tata Tshiamala, njo mutu ya kampuni hapa Musonoi. Maneno ya batu na kampuni inapita kwake. Mama Mujinga anasema hawezi kulala mbele ya kujua.

Juu ya maji: maji ni uzima, Biblia inasema. Usalimie Sista.

Kama kuko mutu anakuya huku, unitumie ile kigari ya magurudumu yenye babibi bazee ya kwenu banavutaka ku soko. Lakini ikuwe ya nguvu, ya kubeba bidoni ya maji bila kuvunjika.

Yaya yako,
Mbelu


Liège, tarehe 20 Mei 2023

Yaya Mbelu,

Moyo, na hongera kwa mjukuu. Mungu amkuze.

Nimeangalia. Mama Mujinga wamemkata. Umebaki mkono wake tu, begani mwako. Mwambie polepole.

Yaya, nimesoma barua yako mara nyingi, na kuna kitu kinanikwaruza. Mtu mwenye robine mbele ya kanisa lake, tena mwenye goti linalouma, anataka kigari cha bidoni, madumu ya maji, cha nini? Nilimsomea Sista Godelieve. Alikuwa ameshaandika barua ya shukrani, bado kutia sahihi tu. Akaichana vipande, akaniambia: "Mwulize dada yako tena. Na safari hii mwulize kwa akili."

Basi nakuuliza. Na nikueleze kwa nini ni muhimu. Mwenye hisa, hapa wanaiita action, si mtu wa kupokea faida na kulala. Ni mmoja wa wenye kampuni, hata kama sehemu yake ni ndogo. Ana haki ya kuwaandikia wakubwa na lazima wamjibu. Ana haki ya kuingia katika mkutano mkuu wa kila mwaka na kusimama na kuuliza. Masista wanatoa fedha kwa zahanati zinazotibu matumbo ya watoto. Kama fedha hiyo inatoka kwa kampuni linalowanywesha watoto wengine maji mabaya, basi tunafuta sakafu huku tumeacha paa linavuja.

Sitakuambia habari za Lubudi.

Mpoyi


Musonoi, tarehe 6 Agosti 2023

Mudogo yangu,

Moyo. Barua ilifika na mama moja ya biashara, kigari yenye ulimupatia haikufika; anasema ilibakia Lubumbashi, na mi najua inavutwa na nani. Mutoto ya Fifi anacheka sasa. Mama Mujinga nilimuambia polepole, alilia polepole, kisha akauliza kama mukono ulikuwa muzuri. Nilimuambia ndiyo, pete ilionekana.

Sasa ile action yako. Hapa kwetu action ni filimu ya kupigana. Nilifikiri masista bamekuwa banapigana mu sinema, nikasema basi Ulaya imeisha. Tata Kalombo, jirani, anasikilizaka radio siku yote, ye njo alinielezea. Kumbe ni sawa vile likelemba, ile muchango ya ba mama ya kila mwezi: mwenye kutia, anasema. Si ungesema vile tangu mwanzo?

Nitakuambia ya maji, lakini uape hautataja tena Lubudi. Lubudi ni nyumba ya Fifi. Bwana yangu alizikwa hapa, kiti yangu ya kanisa iko hapa, bakiliya yangu beko hapa. Njo sababu sikuandika. Nilijua utanipakia mu treni sawa vile gunia ya mahindi.

Ile siku ya robine balileta fanfare, bandi ya turumbeta, na biti ya plastiki, na bakubwa na makofia. Mama bote tulipewa kitenge. Nyuma ya kanisa balisimamisha siterne, lori ya maji, na tuyo, ile mupira ya kupitisha maji, ilipita chini ya udongo mpaka ku robine. Mukubwa alifungula, maji ikatoka, tukapiga bigelegele. Mi nilikunywa. Ilikuwa maji muzuri, sitakatala. Bageni kuenda, na siterne ikaenda. Robine ikapumua fuuu, sawa muzee yenye anapanda mulima, njo mwisho wake. Sasa Tata Kalombo anafungaka pale mbuzi yake.

Kwa hiyo tunateka maji mbali, upande ya Manika, mu kisima yenye inakuwa ya manjano kisha mvua. Batoto banaugua tumbo. Mi ninachemusha, lakini makala ya kupikia iko bei kali, na goti, sawa vile unajua.

Kuko neno lingine. Nilimuambia mutu moja tu, Mama Mujinga, kama masista ya mudogo yangu njo benye kampuni. Moja tu! Kesho yake batu balianza kukuya. Moja anatakia mutoto yake kazi. Mukubwa ya koro, kwaya ya kanisa, anataka turumbeta. Timu ya mupira inaomba ile arbitre, mwamuzi ya jumapili, afukuzwe mu inchi. Na Tata Tshiamala mwenyewe alikuya na kuku, akasema, "Mama Mbelu, kama kule Ulaya kuko neno juu yangu, ulizime." Nilimuambia nitaangalia. Kuku ilikuwa na mafuta.

Yaya yako


Liège, tarehe 12 Novemba 2023

Yaya!

Rudisha kuku! Najua umeshamla. Basi nunua mwingine umpelekee, na uwaambie watu wote: masista hawana kampuni. Kampuni ni sufuria ya bukari, ugali wa harusi, na masista wana tonge moja, tena dogo. Tonge moja halimfukuzi mpishi.

Naapa: hutasikia tena jina la ule mji. Moyo, na salamu kwa wote. Stéphanie anakuombea goti.

Sikiliza tulichofanya. Kwanza tuliandika barua kwa kampuni, kwa adabu, tukauliza kuhusu robine. Wakajibu kwamba inafanya kazi vizuri. Tukaomba kuonana nao. Wakatupokea katika chumba chenye zulia, mimi na Sista Godelieve na fimbo yake. Bwana mmoja mwenye tai ya bluu akasema:

"Sista, takwimu zetu zinaonyesha robine ya Musonoi inafanya kazi kwa asilimia mia."

"Umeshakunywa?" Sista akamwuliza.

"Mimi binafsi?"

"Wewe."

"Sijapata nafasi ya kufika huko."

"Basi hiyo asilimia mia nani ameipima? Mbuzi?"

Yule bwana akatusogezea biskuti. Sista akala, akatia nyingine mkobani, akasema: "Tutarudi. Hizi ni nzuri."

Tulipotoka, mtu wa benki anayetushauri alitusihi tuuze hisa hizo haraka, tununue za kampuni la chokoleti. "Uzeni, Sista, mikono yenu ibaki safi." Sista akamjibu: "Ya kwetu itakuwa safi. Na ya Musonoi wainawe na nini?" Akasema mwenye kuuza kiti chake barazani hasikiki tena, na atakayekikalia huenda asiulize chochote.

Lakini tonge moja halitoshi kuleta hoja katika mkutano mkuu. Ilibidi tuwatafute wenye matonge mengine. Tumepata mfuko wa pensheni ya walimu, ambao tonge lao ni kubwa kweli, na shirika la hisani la hospitali moja, na Waprotestanti. Sista hajawahi katika maisha yake kumpigia pasta simu. Alipomaliza aliniambia, "Ni mtu mwema. Inashangaza." Pamoja tumefikia kiasi kinachotakiwa, na hoja yetu itasomwa mwezi wa tano: kwamba kila kazi ambayo kampuni linajisifia ipimwe na watu wasiolipwa nalo, na matokeo yachapwe kitabuni.

Kampuni limeogopa kidogo. Litatuma mtaalamu aje Musonoi kuangalia. Yaya, nakuomba: msipigane, msitupe mawe, msitukane. Mwacheni aone tu.

Mpoyi


Musonoi, tarehe 18 Februari 2024

Mudogo yangu Mpoyi,

Moyo na we na bako bote. Fifi anakusalimia. Tata Tshiamala nilimupelekea kuku, alikataa kuipokea, akaniogopa zaidi.

Ulisema tusipigane. Hatukupigana. Tulikaribisha mugeni.

Mutaalamu alikuwa mwanamuke, Madame Mwenze, ya Lubumbashi, mutu ya adabu na miwani. Siku mbele yake kufika, nani ninaona nyuma ya kanisa? Siterne. Na tuyo yake. Na Tata Tshiamala anafunika tuyo na majani, jasho inamutoka. Nikarudia ku nyumba, nikaita ba mama, nikasema: "Maji ya lori inaishaka. Tutakula naye mpaka iishe."

Asubuhi alifungula robine, maji ikatoka, akaandika. Alitaka kupanda mu motokari. Nikasema, "Mama, mu Musonoi mugeni haendi bila kula." Tata Kalombo akasali. Ulimujua ye na sala: alianza na Adamu, na kabla ya kufika kwa Nuhu ba mama bote balikuwa mu mustari na bidoni, banateka. Koro ikaimba. Bidoni ikajaa. Koro ikaimba tena. Batoto baliogeshwa, benye balikuwa bachafu na benye balikuwa safi. Tulifua mapazia ya kanisa. Tulinawisha mbuzi.

Tata Tshiamala akamukonyeza shofere akalete maji ingine. Lakini siterne itapita wapi? Mu njia ya nyuma ya kanisa tulitandika mikeka, na sufuria ya sombe, mboga ya muhogo, juu ya moto, na bazee bamekaa. Shofere mwenyewe alikuwa na sahani ya samaki mu mapaja.

Madame Mwenze alikula bukari muzuri, na mukono, sawa mutu ya kwetu. Akasimama kunawa. Akapaka sabuni mpaka ku kiwiko. Akafungula: fuuu.

"Maji iko wapi?" akauliza.

Nikasema, "Ilikuwa nyuma ya kanisa, mama."

Akaenda na sabuni yake mu mikono, amenyoosha sawa padri ku altari, na Musonoi nzima nyuma yake. Akaona lori. Akaona tuyo. Akamugeukia Tata Tshiamala.

"Tata, hii ni nini?"

"Ni... ni akiba, madame."

Tulicheka, mudogo yangu, tulicheka mpaka bengine balikaa chini. Madame Mwenze ye hakucheka. Aliomba maji ya kuondosha sabuni, nikamupatia ya kisima yetu. Aliangalia rangi yake wakati murefu.

Kisha juma mbili Tata Tshiamala alifukuzwa kazi.

Mama Mujinga anakaa sasa kiti ya nyuma mu kanisa. Sitaki kuandika juu ya ile.

Hukusema nani atasimama mu ule mukutano. Ni Sista?

Yaya yako


Musonoi, tarehe 21 Aprili 2024

Mpoyi,

Hauandiki. Ninauliza tena: nani atasema? Kama ni we, uniambie. Ninajua ulimi yako tangu ulikuwa mutoto, nilikuwa ninakungojea mpaka neno itoke na hakuna mutu aliruhusiwa kucheka mbele yangu. Nitafunga chakula ile siku.

Mama Mujinga anauzisha nyanya sasa. Hajui kuuzisha. Anaweka yenye kuoza juu.

Mbelu


Liège, tarehe 2 Juni 2024

Yaya Mbelu,

Moyo. Nisamehe kwa kimya changu. Barua zako mbili zilifika pamoja, na sikutaka kujibu mpaka nijue mwisho wake.

Aliyepaswa kusema ni Sista Godelieve. Lakini juma la mkutano alishikwa na kikohozi, sauti ikaisha kabisa. Alikuja vile vile, katika kiti cha magurudumu, na tulipofika mlangoni alinitia karatasi mkononi. Nilimwambia, "Sista, unajua ninavyosema." Akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: "Wasubiri."

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama kanisa kuu, na wote wamevaa nyeusi kama msibani. Mkuu wa mkutano akatupa nafasi. Nikasimama. Neno la kwanza la karatasi ni robine. Yaya, nilisema ro. Nikasema ro. Nikasema ro tena. Kuna kijana mstari wa mbele akaanza kutabasamu. Sista akapiga fimbo sakafuni, pa! Kijana akafunga mdomo. Nikasikia kama ni wewe umesimama nyuma yangu mlangoni pa shule. Neno likatoka.

Baada ya hapo niliiweka karatasi chini. Niliwasimulia habari ya Madame Mwenze na sabuni yake. Niliwaambia kuhusu mapazia na mbuzi. Watu walianza kucheka, hata wenye nyeusi, hata bwana wa tai ya bluu. Nilipofika kwenye rangi ya maji ya kisima wakaacha kucheka. Nikawaambia, "Masista wanaponya matumbo ya watoto kwa fedha ya kampuni hili. Tunaomba tusiwe tunaponya watoto wale wale ambao lenyewe linawaacha na maji mabaya."

Kisha nikauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi wala hakuna aliyenituma. Nikasema, "Kuna baba mmoja amefukuzwa kazi kwa sababu ya siterne. Je, siterne aliinunua yeye? Aliyeambiwa ajaze tuyo amefukuzwa. Aliyemwambia yuko wapi?" Bwana wa tai ya bluu alikuwa anatafuta kitu chini ya meza.

Tukapiga kura. Tukashindwa, yaya, na kwa mbali. Nilitaka kulia. Lakini mwakilishi wa pensheni ya walimu alinishika mkono akasema, "Umeona walivyohesabu mara mbili? Hawajawahi kupata kura nyingi namna hii dhidi yao." Na mwandishi wa gazeti alikuwa anamfuata mkuu wa mkutano mpaka kwenye lifti. Siku chache baadaye tuliitwa. Wamekubali kwa maandishi: watachimba kisima kirefu cha kweli chenye pampu, maji yatapimwa na watu wasio wao, na matokeo yatachapwa kila mwaka, mazuri kwa mabaya. Na yule baba atarudishwa kazini.

Nikamwuliza Sista, "Sasa tumeshinda au tumeshindwa?" Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo. Akasema, "Tumebaki. Mwaka ujao pia tuna kiti."

Mdogo wako,
Mpoyi


Musonoi, tarehe 10 Novemba 2024

Mudogo yangu Mpoyi,

Moyo! Barua yako niliisomea batu bote kisha misa, na pale ya ro, ro, ro hakuna mutu alicheka. Nilibaangalia.

Mutoto ya Fifi anatembea. Fifi alikuya naye kunitembelea. Kumbe Lubudi inaweza kukuya Musonoi pia.

Mashini ya kuchimba ilifika mwezi ya saba. Ilifanya kelele mpaka kuku iliacha kutaga. Balichimba, bakapata mawe. Bakachimba tena, bakapata mawe. Injenia akasema pengine tuhamishe. Tata Kalombo akaanza kusali, injenia akasema hapana, hapana, nitachimba. Ikatoka. Kwanza matope, kisha maziwa-maziwa, kisha maji. Madame Mwenze alirudia na machupa yake ya kupima, akatuonyesha bile bapimaji ya inje balimuandikia: inanywewa. Alinywa ye wa kwanza. Hatukumulazimisha kula, alikaa mwenyewe.

Tata Tshiamala alirudia kazi. Bamemupatia fungulo ya pampu, na sasa amekuwa mukali sawa asikari ya mupaka. Saa ya kufunga ni saa ya kufunga. Hata mi alinifungia mbele ya pua, na bidoni yangu mu mukono. Nikamuambia, "Tata, mi njo nilikurudishia kazi!" Akasema, "Njo sababu ninaifanya muzuri, mama."

Na Mama Mujinga. Siku ya kwanza ya maji, asubuhi, nilisikia mutu mbele ya mulango. Nikafungula: ye, na ndoo ku kichwa. Akaitua. Hakusalimia.

"Maji ya nani?" nikauliza.

"Ya kunawa."

"Nani muchafu hapa?"

"We," akasema. "Na mi. Na bwana yangu. Tuanzie kwa nani?"

Yote ile miezi nilikuwa nasema sikukosa, na ni kweli sikukosa, lakini nyanya yake niliiona ikioza na sikununua hata moja. Nikaleta beseni. Tulinawa mikono, kisha uso, kisha akanimwangia maji ku shingo, nikamumwangia ku mugongo, tukapiga makelele sawa batoto, mpaka jirani balitoka kuangalia. Sasa anauzisha beignets pamoja na mi. Nyanya aliacha. Mungu ni mwema.

Lakini kuko neno. Malori ya Mulimba inapita barabarani mbele yetu, usiku na muchana, bila kunyunyiza hata tone. Bakiliya banauliza kama juu ya beignets tumeweka sukari ao vumbi. Batoto banakohoa. Mama Mujinga anasema maneno sawa hii inaweza kuandikwa mu hoja. Ye ameshaanza kuhesabu malori na mawe ndogo mu kopo.

Unisalimie Sista Godelieve sana. Umuambie Musonoi nzima inamuombea. Kikohozi yake tumesikia, na miaka yake pia tunajua, lakini umuambie asife kwanza. Mwezi ya tano iko karibu, na kuko vumbi.

Yaya yako,
Mbelu